Kwa Ripota Anayepangiwa Mtwara au Lindi kwa Mara ya Kwanza

Kijana anayepangiwa kuiwakilisha redio ya taifa Mtwara au Lindi hufika akiwa na barua ya utambulisho, kinasa sauti na, mara nyingi, hamu ya kuhamishwa mapema. Nimeandika habari huku kwa miaka mingi, kwa zaidi ya chombo kimoja, na vijana wanaokuja kunisalimu huniuliza kuhusu posho, nyumba za kupanga na usafiri wa kwenda Newala wakati wa masika. Hayo huzoeleka ndani ya mwezi mmoja. Kinachowachelewesha ni kutojua kwamba msikilizaji wa Kusini amekaa na redio hiyo muda mrefu kuliko wao, na ana kumbukumbu nayo.

Mkianza na historia, msiikariri kwa ajili ya usaili tu. Utangazaji wa Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo cha majaribio kilichoitwa Sauti ya Dar es Salaam, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika, ambalo kifupi chake cha Kiingereza kilikuwa TBC, herufi zilezile zinazotumika leo. Mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa na redio ikawekwa chini ya wizara kwa jina la Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni ya Taifa ilikuja baadaye sana, mwaka 2000, kisha redio na televisheni zikaunganishwa, na tangu mwaka 2008 zikafanya kazi kwa jina la Shirika la Utangazaji Tanzania. Vijana hulitaja jina hili jipya kwa fahari, lakini mzee wa Tandahimba atakwambia amesikia habari hiyo "RTD", nawe usimsahihishe.

Ana sababu ya kuling'ang'ania jina hilo. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilitegemea kivuko pale Rufiji, na mvua ikinyesha mfululizo, barabara ilikatika na mikoa hii ikabaki kama kisiwa. Gazeti lilifika likiwa limechakaa na habari zake zimekwisha kuzungumzwa barazani, kwa sababu redio ilikuwa imetangulia. Redio hiyo haikuleta habari peke yake. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 nchini walikaa katika vikundi kusikiliza vipindi, wakasomewa vijitabu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Mzee mmoja wa Newala aliwahi kunionyesha mkorosho ambao kikundi chao kilikaa chini yake. Redio ilikuwa moja, ya mwenyekiti, na betri zilianikwa juani mchana ili zipate nguvu ya jioni. Alieleza habari za betri kwa urefu kuliko za vyoo.

Upande wa Idhaa ya Nje, yaani matangazo ya redio hiyo kwa nchi za nje, nao una uzito wake hapa, maana wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, wakiwamo FRELIMO wa Msumbiji waliokuwa na kambi Nachingwea, walipewa muda wa kutangaza kupitia mitambo ya Dar es Salaam. Ukienda vijiji vya kando ya Mto Ruvuma, utawakuta wenye ndugu ng'ambo ambao kwao jambo hilo ni la kifamilia. Vilevile, tarehe 14 Oktoba 1999, aliyelitangazia taifa kifo cha Mwalimu Nyerere alikuwa Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso, Masasi; wapo watu wanaokumbuka walikuwa wamesimama wapi walipoisikia sauti yake.

Huduma za leo ni nyingi zaidi: TBC Taifa, TBC FM, TBC International na chaneli za televisheni, TBC1 ikiwa ya mbele. Kila moja ina mhariri na msikilizaji wake, kwa hiyo ulizeni mapema habari yenu inakwenda wapi. Sauti ya dakika mbili haiwezi kuwa ileile kwa wote.

Jiandaeni pia kwa malalamiko. Januari 2016 serikali ilieleza kwamba TBC haitaonyesha tena moja kwa moja vikao vyote vya Bunge, ikitaja gharama, na aliyetoa tamko hilo alikuwa waziri ambaye pia alikuwa mbunge wa Mtama, yaani jirani yetu kabisa. Mtwara nako hakujasahaulika Mei 2013, vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam zilipozuka baada ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini kuwasilishwa bungeni. Ukiulizwa kijiweni kwa nini redio ya serikali haikusema jambo fulani, usijifanye msemaji wa serikali wala usilitukane shirika lako ili upendwe. Eleza kilicho katika uwezo wako na kilicho nje yake, kisha msikilize anayelalamika mpaka amalize. Mimi nimepata habari nzuri zaidi kutoka kwa watu walioanza kwa kunigombeza.

Sasa nije kwenye korosho, maana ndipo wengi huanguka, nami nilianguka. Katika msimu mmoja nilituma matokeo ya mnada kwa kituo nilichokuwa nikikiandikia wakati huo, nikataja bei ya juu peke yake kwa sababu ilikuwa ya kuvutia, na mhariri akaiweka juu ya taarifa. Mnada hutoa bei ya juu na bei ya chini, kwa kuwa shehena hununuliwa na wanunuzi tofauti kwa viwango tofauti. Zaidi ya hapo, mkulima hapokei bei ya mnada yote, kwani kuna makato ya ushuru, usafirishaji na gharama za chama cha ushirika. Kesho yake asubuhi nilikuta watu wamejaa kwenye ofisi ya chama cha msingi, mmoja ameandika bei niliyoitaja kwenye kiganja kwa kalamu ya wino, akimwonyesha katibu na kudai tofauti iko wapi. Katibu hakuwa mwizi. Mwizi wa asubuhi ile nilikuwa mimi, na ilinibidi nisimame kwenye ngazi za ghala kueleza.

Tangu hapo, kabla sijatuma bei yoyote, humpigia simu katibu wa chama, akanisomea karatasi ya mnada tarakimu kwa tarakimu, nami nikamsomea sentensi yangu kama itakavyosikika hewani, ikiwamo maneno "kabla ya makato". Siku hizo hizo mwombe akutamkie jina la kijiji pia, hasa lenye ng', kwa sababu anayetoka bara hulitamka vibaya jina kama "Ng'apa" hadi wenyewe wasilitambue. Wengine hucheka mwanzoni. Ukipiga simu mara ya nne au ya tano, wataanza kukupigia wao kabla mnada haujafungwa.