Maswali ya wasomaji: Ukoo haukuhama, mbona rekodi hazipo?

SWALI: Mababu wa mke wangu wamo kwenye sensa ya Marekani ya 1860, kaunti ya Madison, North Carolina, bonde la mto French Broad. Katika sensa ya 1850 siwaoni Madison, na hati ya shamba sijaipata. Ukoo unashikilia kwamba hawakuhama. Nitafute wapi?

JIBU: Ukoo huenda unasema kweli. Kaunti ya Madison iliundwa 1851 kwa kumega Buncombe na Yancey, kwa hiyo mwaka 1850 haikuwepo. Vitabu vya zamani vya hati kwa kawaida hubaki kaunti mama, yaani ile iliyomegwa. Mto unashuka kutoka Asheville, makao ya Buncombe, basi anzia huko, kisha Burnsville, makao ya Yancey. Yancey nayo ilianza 1833, kwa hiyo ya kabla ya hapo yatafute Buncombe na Burke.

Kwa msajili wa hati, pitia faharasa ya wauzaji na ya wanunuzi pia, na usiishie mwaka wa ununuzi. Wengi waliweka hati nyumbani, ikasajiliwa miaka mingi baadaye, mara nyingine warithi walipotaka kuuza. Majina karani aliyaandika alivyoyasikia. Jina la kijito ni mwongozo bora zaidi: andika vijito vyote vya bonde lenu, na majina ya majirani wanaotajwa mipakani.

Ukiipata hati, chora mipaka ya shamba inayoielezea, mstari baada ya mstari. Mathalani, mstari mmoja: "kaskazini digrii 40 mashariki, pole 60, hadi mwaloni mweupe." Pole moja ni futi 16.5, hivyo 60 ni futi 990, kama mita 302. Kwenye ramani ya USGS (idara ya jiolojia ya Marekani) ya kipimo cha 1:24,000 ni milimita 12.6. Chora kwenye karatasi inayopitisha mwanga, uilaze juu ya ramani, uizungushe kidogo mpaka mistari ikubaliane na kijito na mgongo wa mlima. Kuzungusha kunahitajika kwa sababu dira ya mpimaji ilifuata kaskazini ya sumaku, na kaskazini hiyo husogea kadiri miaka inavyopita. Umbo lisipofunga, yaani mstari wa mwisho usiporudi pale ulipoanzia, pengine karani aliruka mstari wakati wa kunakili. Linganisha na hati ya mauzo ya baadaye ya shamba hilohilo.

Kama mmiliki wa kwanza alipewa ardhi na jimbo, hati yake itafute Hifadhi ya Nyaraka ya jimbo, Raleigh. Dhamana za ndoa (hati za ahadi ya fedha zilizowekwa kabla ya kufunga ndoa) anzia kaunti alikoishi bibi harusi.