Karata Mbili, Karata Nne

SWALI: Shikamoo mzee. Nimezoea poka ya Texas Hold'em, karata mbili mkononi. Sasa wenzangu hapa Malindi wamehamia Omaha, karata nne, nami nakosea kila usiku. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kosa hilo nalijua. Lilinipata barazani Shela, tukichezea kete za bao badala ya pesa (na nyinyi fanyeni hivyo). Mezani, kwenye karata za wote, kopa nne; mkononi nina ree ya kopa. Nikasukuma kete zote! Kwa Texas ningetimiza kopa tano, seti yenye nguvu. Kwa Omaha lazima utumie mbili za mkononi na tatu za mezani, si pungufu, si zaidi. Na kopa yangu mkononi ilikuwa moja tu.

Basi kabla ya kutazama meza, zishike zako mbili mbili: nne hutoa namna sita. Mwenzako naye anazo sita, ndiyo maana ree mbili zinazotamba Texas, kwa Omaha hupigwa upesi. Mwezi huu cheza Omaha peke yake. Ukirudi Texas, hesabu karata zako kwa kidole kila zinapogawiwa, hata wakikucheka.