Koili nne, waya nne za ishara

Shekhe, kwa 13B, injini ya Mazda ya rota mbili, usiziunganishe koili za kuwashia mbili mbili ili kuokoa njia za kutolea ishara za kompyuta ya injini. Vuta waya wanne wa ishara, kila koili na wake. Kila rota ina plagi mbili, ya chini na ya juu. Plagi za chini zinastahamili kuwashwa kwa pamoja, kwa kuwa rota zimepishana nyuzi 180, na Mazda wenyewe walizipa koili moja kwenye magari yao ya RX-7 ya miaka ya mwisho ya 1980. Za juu hazikubali kabisa: cheche ya ziada inaweza kukuta mchanganyiko mpya ambao wakati wake haujafika, ukawaka mapema, na sili za ncha za rota ndizo zitakazolipa.

Angalia pia kama koili zako zina swichi ya elektroniki ndani yake. Zisizo nayo hazifungwi moja kwa moja kwenye kompyuta, ila ile iliyotengenezwa kuzibeba, bali hupitia kifaa cha kuwashia kilicho kando. Zenye nayo, kama zile za injini za LS, V8 za General Motors, huchajiwa ishara ikiwa juu na hutoa cheche inaposhuka, kwa hiyo ukikosea mpangilio huo katika programu koili itaungua ukiwa bado unatafuta tatizo.

Arthi ya koili ifunge kwenye mwili wa injini, pahala palipokwanguliwa rangi, kisha upake grisi. Injini niliyoifunga mimi Mwanakwerekwe, Zanzibar, ilianza kukosa cheche baada ya miezi michache, na kosa lilikuwa kutu ya chumvi kwenye bolti ya arthi hiyo tu.