Mpe hela, na ya kutolea uweke

Mkuu, umesema una elfu hamsini, jirani yako kavunjika mguu, mkewe ana watoto watatu, na hujui uwape hela au uwanunulie chakula. Mimi nilianza kwa kukosea, ndiyo maana naandika.

Jirani yangu hapa Mbagala, dereva wa bodaboda, alipata ajali akafungwa vyuma mguuni. Nikanunua sembe kilo kumi, mafuta na sukari, nikabeba mchana kweupe mpaka mlangoni kwao. Mama wa nyumba akapokea kwa mikono miwili, akashukuru sana. Kesho yake jioni napita, namkuta kwenye kigoda anapima ule unga kwa kikombe, anautia kwenye vifuko vya nusu kilo, anauza chini ya bei ya duka. Kuniona tu akafunika ndoo kwa khanga.

Nilikasirika, nikanyamaza. Baadaye ndiyo nikajua kwamba unga walikuwa nao, watu wa kanisani kwao walishaleta. Walichokosa ni nauli ya bajaji kwenda kliniki, maana mtu mwenye vyuma mguuni utampandishaje daladala la asubuhi? Ile khanga juu ya ndoo inaniuma mpaka leo. Nilikwenda kumsitiri, nikamwongezea aibu.

Mwezi uliofuata nikamtumia elfu arobaini kwenye simu, usiku, na ya kutolea juu. Sikusema ni ya nini. Akapunguza deni la duka, akanunua ngano na mafuta, akarudi kukaanga maandazi ya asubuhi aliyoyaacha tangu ajali. Mtoto mkubwa akapata viatu vya shule. Mimi viatu visingenijia kichwani kabisa.

Kuna wanaosema kwamba ukitoa hela mume ataenda kunywea. Wapo wa hivyo, sikatai. Ila mwaka 2014 David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti za nchi nyingi kuhusu kaya maskini zinazopewa fedha, wakakuta kwa jumla matumizi ya pombe na sigara hayapandi. TASAF nao, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, kaya maskini wamekuwa wakizipa ruzuku ya fedha, si magunia. Kama bado una wasiwasi, mtumie mama.

Kabla hujatuma, uliza kwa ustaarabu kama laini yake ina deni, maana hela ikiingia mtandao unaweza kukata chake kwanza, yeye akabaki na ujumbe tu. Kama lipo, mpe mkononi, ndani, watoto wakiwa wamelala. Na tafadhali usiite mkopo kwa kumwonea haya. Akishindwa kulipa ataanza kukukwepa njiani, na kukwepana na jirani ni msiba mwingine juu ya ule alio nao.

Kliniki ya huyo mgonjwa ni siku gani? Hela imfikie kabla ya hiyo siku.