Kung'oa magugu albatrosi wakiwa viotani
Uliyeuliza kama kazi ya magugu Midway, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, isimame albatrosi (ndege wakubwa wa baharini) wakiatamia: hapana, ila ng'oa kwa mkono na usimwinue ndege kwenye yai. Gugu la Verbesina lishike chini kabisa litoke na mzizi. Likikatika huweza kuchipua tena. Liwahi kabla ya mbegu kukomaa, maana hubaki hai udongoni kwa miaka. Hapo ndipo wengi hukosea: wanasafisha mara moja na kudhani wamemaliza. Kwenye sensa ya albatrosi ya Desemba, kila kiota kilichohesabiwa kitiwe doa la rangi, kisirudiwe. Na tazama unapokanyaga! Mashimo ya petreli, ndege wa baharini wanaotaga chini ya ardhi, hubomoka kirahisi. Ukitumbukia, fukua hapohapo kwa mikono, huenda ndege amefukiwa.