Maswali Yenu: Kazi za Usiku Kwenye Seva ya Mbali

Nina duka la dawa Arua na seva ya kukodi iliyoko Ujerumani. Nilitaka inakili data ya mauzo saa nane usiku, nikaandika `0 8 * * *` kwenye crontab, faili la ratiba za kazi za seva. Kazi inaanza saa tano asubuhi, wateja wamejaa, mfumo unakuwa mzito. Kuna nini?

Ndugu yangu, hapo makosa mawili yamepandana. Wewe unahesabu saa kama sisi sote hapa, kuanzia macheo. Cron, programu inayoendesha ratiba hiyo, huhesabu kuanzia saa sita usiku, ambayo kwake ni 0. Saa nane usiku kwake ni 2, na ile 8 yako imeisoma kuwa saa mbili asubuhi. Kosa la pili: seva nyingi za kukodi hufuata UTC, yaani saa ya kimataifa, popote zilipo, nasi Uganda tuko mbele kwa saa 3. Saa mbili asubuhi ya seva ni saa tano ya Arua.

Andika `0 23 * * *`. Angalia na siku pia: usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane yetu, seva bado iko Jumapili. Kazi ya mara moja kwa wiki huharibikia hapo. Au badilisha saa za seva kwa `timedatectl set-timezone Africa/Kampala`, kisha uanzishe upya huduma ya cron; hapo mstari wako uwe `0 2 * * *`. Kwa duka moja mimi ningefanya hivyo. Muuza dawa asilazimike kupiga hesabu za Ulaya usiku.

Skripti yangu nikiiendesha mwenyewe kwa SSH, yaani nikiingia seva kwa mbali, inafanya kazi. Cron ikiiendesha, kimya. (Jinja)

Ukiingia mwenyewe, seva inakuandalia mazingira yako yote. Cron huanza na PATH fupi (orodha ya folda inamotafuta programu), mara nyingi `/usr/bin:/bin` tu. Programu iliyo kwingine haiioni. Andika njia kamili ya kila programu, na mwisho wa mstari ongeza `>> $HOME/nakala.log 2>&1`. Asubuhi utalisoma kosa lenyewe.

Ofisini kwetu Mbarara umeme ukikatika usiku, kazi ya Windows inarukwa.

Ndani ya Task Scheduler, programu ya ratiba ya Windows, kwenye mipangilio ya kazi hiyo, weka alama kwenye chaguo la kuiendesha mara tu inapowezekana endapo muda wake ulipita. Kisha ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya kompyuta, kabla Windows haijawaka) uiagize kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi.

Fundi anataka kufungua poti 3389 kwenye ruta ili nisimamie kazi nikiwa nyumbani. Nikubali? (Masaka)

Usikubali. Poti hiyo ya Remote Desktop, ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali, hubishwa hodi usiku na mchana na programu zinazobahatisha maneno ya siri. Aweke VPN, njia ya faragha ndani ya intaneti, kwa mfano WireGuard, upitie humo.

Niko Gulu, seva iko Kampala. Nitajuaje kazi imefanyika kweli?

Laiti kila mtu angeuliza hili mapema. Shule moja niliyoisaidia ilikuwa na faili la nakala kwa kila usiku, tarehe zimepangika vizuri. Siku diski ilipokufa tukayafungua: kila moja baiti 20. Neno la siri la hifadhidata lilikuwa limebadilishwa, mysqldump, programu inayotoa nakala ya hifadhidata, ikawa inashindwa kila usiku, na gzip, programu ya kubana mafaili iliyopokea kutoka kwake, ikabana utupu. Utupu ukibanwa na gzip ni baiti 20. Cron yenyewe haikuona kasoro. Alama za muhula mzima ziliingizwa upya kutoka kwenye karatasi, na bado nawaona wale walimu wameinamia meza hadi jioni.

Kwa hiyo anza skripti yako ya bash na `set -eo pipefail`, ili programu moja ikishindwa mstarini, kazi nzima ihesabike imeshindwa. Iagize ikutumie kila asubuhi ujumbe wenye ukubwa wa faili. Ujumbe usipofika, ingia seva siku hiyohiyo. Na kila mwezi rudisha nakala kwenye kompyuta nyingine, mtafute mteja au mwanafunzi mmoja unayemjua, uone kama kumbukumbu zake zimo.