Asilimia ya nini? Maswali yenu kuhusu chanjo, dawa mpya na majaribio

Karibu kila swali mlilotuma safari hii lina namba ndani yake. Wengine mmeisikia redioni, wengine mmerushiwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Namba haina ubaya. Ila asilimia usiyoambiwa ni ya nini, kwa kina nani na ukilinganisha na nini, ni sawa na kutajiwa bei ya nyanya bila kujua ni ya kilo au ya fungu.

Binti yangu alimaliza dozi zote nne za chanjo ya malaria. Juzi kapimwa, ana malaria. Sasa alichomwa nini? (Mama, Siaya)

Pole mama, na mtoto augue pole. Alichomwa chanjo halali, ila hii haikai kundi moja na ya surua, ambayo huzuia ugonjwa karibu kabisa. Kimelea kikishaingizwa na mbu hukimbilia kwenye ini ndani ya muda mfupi sana, na chanjo inajaribu kukidaka hapo njiani. Kikiponyoka kimoja tu kikafika kwenye ini, kinazaliana kwa maelfu.

Kwenye majaribio makubwa ya RTS,S, chanjo ya kwanza ya malaria, ambayo yalifanyika hadi huko kwenu Siaya, na pia Kilifi, Korogwe na Bagamoyo, watoto waliopata dozi nne walipungukiwa malaria kwa asilimia 36 katika takribani miaka minne. Hiyo haimaanishi watoto 36 kati ya 100 hawaugui kabisa. Maana yake, mahali ambapo watoto wangeugua mara kumi, wanaugua mara sita na kitu.

Namba iliyonishawishi mimi ni nyingine: 13. Chanjo ilipoanza kutolewa Ghana, Kenya na Malawi mwaka 2019, vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa asilimia 13, na hapo wamehesabiwa waliokufa kwa ugonjwa wowote, si malaria peke yake. Najua 13 inasikika ndogo. Aliyewahi kushika zamu ya usiku wodi ya watoto wakati wa masika haioni ndogo.

Utasikia pia kwamba chanjo ya pili, R21, ina asilimia 75. Ni kweli, lakini hiyo ni ya miezi 12 ya kwanza, tena mahali ambapo malaria huja kwa msimu na watoto walichanjwa kabla msimu haujaanza. Kwingineko ilikuwa 68. Ukiweka 75 ya mwaka mmoja kando ya 36 ya miaka minne, hujalinganisha kitu. Na chandarua kisitoke kitandani.

Sindano ya VVU ya kila miezi sita ni chanjo? Na mbona wanasema dawa ileile ina bei mbili? (Kijana, Kampala)

Si chanjo. Ni dawa ya kinga, inaitwa lenacapavir. Inachomwa chini ya ngozi ya tumbo, inajikusanya hapo na kutoka polepole. Kazi yake ni kuvuruga ganda ambalo kirusi hufungia vinasaba vyake. Ukiacha kuchoma, kinga inaisha. Ukiwa tayari una VVU, sindano hii peke yake si tiba yako, ndiyo maana unapimwa kwanza.

Jaribio lililoipa sifa lilifanyika Uganda na Afrika Kusini kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Waliochomwa walikuwa 2,134 na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Wenzao 1,068 waliopewa vidonge vya kila siku vya siku zote waliambukizwa 16. Vidonge si dawa mbovu. Shida ni kuvimeza. Kikopo cha vidonge kinalia ndani ya mkoba, mama mkwe anasikia, maswali yanaanza. Sindano hailii.

Kuhusu bei: Marekani ilipoiidhinisha Juni 2025, mtengenezaji aliiwekea bei ya dola 28,218 kwa mwaka. Septemba mwaka huohuo yakatangazwa makubaliano ya kutengeneza dawa mfanano (nakala zake za bei nafuu) kwa dola 40 kwa mwaka, kuanzia 2027, kwa nchi 120 za kipato cha chini na cha kati. Ndizo bei mbili ulizosikia. Kinachoniudhi ni kwamba zipo nchi za kipato cha kati zilizotoa watu wao wakafanyiwa majaribio ya dawa hii halafu zikaachwa nje ya mpango huo. Brazili ni mfano.

Mwanangu wa miaka minne ana selimundu (sickle cell). Nimeona video watu wanaponywa kabisa kwa kuhaririwa jeni. Baba yake anataka tuuze shamba. (Mama, Mwanza)

Msiuze shamba. Nakuomba umsomee baba yake jibu hili lote.

Mliyoyaona ni ya kweli. Tiba inaitwa Casgevy. Uingereza iliiidhinisha Novemba 2023, Marekani mwezi uliofuata. Wanachukua seli mama za damu za mgonjwa, wanazima swichi moja kwenye jeni zake, na mwili unarudia kutengeneza himoglobini ile ya mtoto aliye tumboni, ambayo haigeuzi chembe kuwa mundu. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa vya kutosha, 29 walikaa mwaka mzima bila shambulio kali la maumivu.

Sasa yasiyokuwa kwenye video. Iliidhinishwa kwa wenye miaka 12 na zaidi. Wenu ana minne. Kabla ya kurudishiwa seli, mgonjwa hupewa dawa kali ya kufyeka uloto wake (ule urojo wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu), na dawa hiyo inaweza kumnyima uzazi baadaye. Hulazwa wiki kadhaa. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Sijui shamba lenu lina ukubwa gani, lakini hata la jirani mkiliongeza halitoshi.

Turudi nyumbani. Ipo dawa ya zamani, haidroksiurea, kidonge cha kila siku. Kwa miaka mingi tuliogopa kuwapa watoto wa huku, tukidhani itawashusha kinga na malaria itawamaliza. Likafanyika jaribio kwa watoto 606 huko Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, matokeo yakatoka Desemba 2018. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, na malaria yenyewe tuliyoiogopa ikapungua kwa karibu nusu. Vifo vilitoka 3.6 kwa kila watoto 100 kwa mwaka vikafika 1.1. Matokeo haya yanastahili video kuliko yale ya dola milioni mbili, ila kidonge hakipendezi kwenye kamera.

Kwa hiyo nendeni kliniki ya selimundu muulize kuhusu haidroksiurea. Atapimwa damu mara kwa mara na dozi itapangwa kwa uzito wake. Msinunue duka la dawa mkajipangia. Ulizeni pia kama penisilini ya kinga anapata, maana kwa umri wake bado anaihitaji. Kama ana kaka au dada wa tumbo moja asiye na ugonjwa, ulizeni kuhusu kupandikiza uloto, kazi ambayo Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma imeshaianza.

Kwa nini majaribio yanafanyiwa kwetu? Sisi ni panya? (Msomaji, Mombasa)

Swali la haki. Nitakujibu kwa kisa kimoja.

Mtoto akiletwa na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, vitabu vilisema: mpe maji mengi ya mshipa haraka. Tulifundishwa hivyo, na ndivyo ilivyofanyika Ulaya. Kuanzia 2009 jaribio liitwalo FEAST likapima jambo hilo kwa watoto 3,141 Kenya, Uganda na Tanzania (Muheza ilikuwamo). Januari 2011 likasimamishwa kabla ya muda. Ndani ya saa 48, katika kila 100 waliopewa maji kwa kasi walikufa kama kumi na nusu, wasiopewa, saba. Tulichodhani kinaokoa kilikuwa kinaongeza vifo. Bila kupima hapahapa, kwa watoto wa hapahapa, tungeendelea. (Hii haihusu mtoto wa kuhara aliyekaukiwa maji. Huyo hakuwamo kwenye jaribio, na maji anayahitaji.)

Hata hivyo kisa hichohicho kina upande mgumu. Mtoto anapopumulia juujuu, mzazi anawezaje kusoma fomu na kuelewa? Waliruhusiwa kukubali kwa mdomo kwanza, maandishi baadaye. Wapo wanaoona ni busara, wapo wanaoona ni kumwahi mzazi akiwa amechanganyikiwa. Mimi nipo na wa kwanza, lakini si kwa moyo mweupe kabisa. Na mwanzoni mwa 2025, Marekani ilipokata misaada ghafla, majaribio kadhaa yalisimamishwa katikati, na Afrika Kusini wapo wanawake walioachwa na kifaa cha jaribio bado kikiwa mwilini.

Ukiitwa kwenye utafiti, uliza: nikidhurika nani analipa? Dawa ikifaulu, itauzwa kwetu? Fedha zikikatika, nani ataniangalia? Na kujitoa ni haki yako siku yoyote.

Kwale walipewa ivermectin dhidi ya malaria. Ninywe? (Mvuvi, Lamu)

Usinywe kivyako. Dawa hiyo ni ya minyoo, haitibu malaria. Humuua mbu aliyekunyonya. Walipewa watu wengi kwa pamoja, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu, na maambukizi kwa watoto wa miaka 5 hadi 15 yakapungua asilimia 26. Ukinywa peke yako utaua mbu wako wawili watatu, basi.

Nasomea ukunga. Mwalimu katuambia shuka ya plastiki inaokoa wazazi kuliko mashine. Kituo chetu hatuna. (Mwanafunzi, Kigoma)

Mwalimu wako anazungumzia jaribio la E-MOTIVE, la kuvuja damu baada ya kujifungua, 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, wanawake zaidi ya 210,000. Shuka inatandikwa chini ya makalio, mwisho wake ni mfuko wenye mistari ya mililita, damu inashukia humo. Tulizoea kukadiria kwa macho, na macho hudanganywa na khanga: ikinyonya damu unaona doa tu. Kwa makadirio, waliovuja damu kupita kiasi waligundulika nusu tu; kwa shuka, asilimia 93. Kisha vinafuata kwa mpigo kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini ya kuukaza, asidi ya traneksamiki ya kupunguza kuvuja damu, maji ya mshipa, na kumkagua mzazi na kuita msaada. Kuvuja damu kukali, upasuaji na vifo kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 60. Oktoba 2025 WHO ikaongeza kwamba usingoje mililita 500: zikifika 300 na mapigo au presha vimebadilika, anza.

Wakati mnasubiri shuka, zipime zile khanga na pedi zilizolowa kwenye mizani ya watoto, toa uzito wake zikiwa kavu, na kila gramu ihesabu mililita moja. Zitie kwanza kwenye mfuko wa plastiki, maana ni mizani hiyohiyo atakayolazwa mtoto anayefuata.